Kumwandaa mwalimu mratibu wa mahitaji maalum: mwongozo kwa shule za Mombasa

Shule nyingi za msingi huwa na mwalimu mmoja aliyekabidhiwa watoto wenye mahitaji maalum. Mara nyingi amekabidhiwa kwa sababu ana moyo wa huruma, au kwa sababu ratiba yake ina nafasi. Anapelekwa semina ya siku 3, anarudi na cheti na kabrasha nene, na wiki ifuatayo kila mtoto anayewashinda walimu wengine anahamishiwa darasani kwake, akalishwe nyuma. Hapo kazi imeshaharibika. Mratibu hakuwekwa awafundishe watoto hao peke yake. Amewekwa ili kila mwalimu wa shule ile abadilishe namna anavyomfundisha mtoto aliye mbele yake.

Mafunzo yanayoelezwa hapa yamejengwa juu ya jambo hilo moja. Ni siku 5, zilizotandazwa katika mihula 2, na baina ya siku moja na nyingine mwalimu ana kazi ya kufanya na mtoto halisi. Mzunguko wake ni chunguza, panga, tenda, kagua upya, ule unaotumiwa na waratibu wa Uingereza, ambako tangu Septemba 2024 mratibu mpya hupewa miaka 3 apate cheti maalum cha kazi hiyo. Siku hizi 5 hazichukui nafasi ya stashahada ya KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoanzishwa 1986 pale Kasarani, Nairobi. Anayetaka kubobea aende huko. Hapa tunamwandaa mwalimu wa shule ya kawaida ya Kisauni au Changamwe aanze kazi Jumatatu.

Kabla ya siku ya kwanza

Chukua walimu 20 hadi 24, wawili kutoka kila shule. Usikubali mmoja mmoja. Mwalimu aliye peke yake akipata uhamisho, kila alichokijua kuhusu watoto wake kinaondoka naye, na anayekuja anaanza upya. Mmoja kati ya hao wawili awe wa gredi za chini, maana huko ndiko matatizo ya kuona, kusikia na kusoma huonekana mapema.

Mwalimu mkuu wa kila shule atie sahihi karatasi yenye mambo matatu: mratibu atapewa vipindi 4 kwa wiki visivyo vya kufundisha, kabati moja lenye kufuli, na dakika 20 katika mkutano wa walimu kila mwezi. Asiyeweza kuahidi haya, shule yake isubiri awamu nyingine. Inaonekana ni ukali, lakini mratibu asiye na saa wala kabati hubaki na jina tu.

Tarehe zina hila zake Mombasa. Siku ya kwanza na ya pili ziwe likizo ya Aprili, zifuatane. Ya tatu iwe Jumatano katikati ya muhula wa pili, ya nne likizo ya Agosti, ya tano wiki ya pili ya muhula wa tatu. Epuka Ijumaa kwa sababu ya swala, na angalia kalenda ya Ramadhani kwanza. Ikiangukia humo, maliza saa sita na nusu mchana. Jumamosi na Jumapili asubuhi walimu wengi wana madrasa. Ukumbi ukiwa Likoni, anza saa tatu, kwa kuwa anayetoka Mtopanga na kuvuka feri hawezi kuhesabu dakika zake. Darasa la shule lenye feni linatosha. Hoteli ya Nyali inakula pesa ambazo zingenunua vifaa.

Vifaa kwa kila shule ni hivi: chati 1 ya macho ya herufi E, futi kamba ya mita 10, faili 10 za kadibodi, daftari 1 la kuandikia matukio, na nakala 10 za fomu ya IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja, yenye ukurasa mmoja. Chai, mahamri na mbaazi saa nne. Usisahau maji ya kunywa. Machi na Aprili joto la hapa halina huruma.

Siku ya 1: Kuona kabla ya kupachika jina

Mwiko wa siku hii ni kutamka ugonjwa. Mwalimu hana mamlaka ya kusema mtoto ana usonji au ana ulemavu wa akili. Kazi yake ni kueleza anachokiona. Ukiwaachia washiriki, nusu saa ya kwanza utasikia "mzito", "mvivu", "ana kichwa kigumu". Waandike maneno hayo ubaoni, kisha kwa kila neno uliza: ulimwona akifanya nini, saa ngapi, mara ngapi? "Mvivu" mara nyingi hugeuka kuwa "hanakili kutoka ubaoni baada ya mapumziko ya saa nne". Hilo sasa linachunguzika. Pengine ni macho, pengine ni njaa.

Maneno mengine yafutwe kabisa siku hiyo hiyo: zeruzeru, bubu, taahira, kiwete. Badala yake semeni: mtu mwenye ualbino, kiziwi, mtoto mwenye ulemavu wa akili, mwenye ulemavu wa viungo. Watoto wanaiga mdomo wa mwalimu wao.

Maswali ya kuanzia yachukuliwe kwenye dodoso la utendaji wa mtoto lililotolewa 2016 na UNICEF pamoja na Kundi la Washington la takwimu za ulemavu. Linauliza anachoweza mtoto, haliulizi jina la ugonjwa: ana shida kuona, kusikia, kutembea, kueleweka anaposema, kujifunza, kukumbuka? Jibu ni mojawapo ya manne: hana shida, ana shida kidogo, ana shida kubwa, hawezi kabisa. Kuanzia "shida kubwa", mtoto anafunguliwa faili.

Baada ya chai, vipimo. Kila mshiriki apime mwenzake, kisha apimwe.

Macho. Pima mita 6 kwa futi kamba, si kwa hatua. Chumba kikiwa kifupi, tokeni barazani. Chati iwe usawa wa macho ya mtoto na mwanga uipige kwa mbele. Ikining'inizwa dirishani, jua linatoka nyuma yake na kila mtoto atafeli. Mtoto azibe jicho kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, bila kulikandamiza. Akitumia vidole anachungulia katikati, na akikandamiza, jicho hilo litaona ukungu zamu yake ikifika. Anaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Asiyeweza kusoma zaidi ya nusu ya herufi za mstari wa 6/12, hata kwa jicho moja tu, apelekwe kupimwa hospitalini. Foleni isimame mbali, maana watoto wanakariri mpangilio kutoka kwa wenzao.

Masikio. Simama nyuma ya mtoto umbali wa mkono mmoja ulionyooka, yapata sentimita 60, asiuone mdomo wako. Msaidizi aliyesimama ubavuni asugue polepole kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio lisilopimwa. Toa pumzi yote nje kwanza, ndipo unong'one nambari, herufi, nambari: "5, B, 6". Anayenong'ona akiwa amejaza pumzi hutoa sauti, na kipimo kinakuwa hakina maana. Mtoto arudie. Akikosea, mpe mseto mwingine mara moja. Akipata 3 kati ya 6 kwa jumla, sikio hilo limepita. Chungulia pia kama kuna usaha au harufu. Sikio linalovuja ni la daktari, si la kuingizwa pamba na mafuta ya nazi.

Kusoma. Mtoto wa gredi ya 3 anaweza "kusoma" ukurasa mzima wa kitabu alichokikariri. Njia ya kumjua ni kumpa vijineno visivyo na maana: lumi, keba, dopu, ngefi, mbifu. Anayejua silabi atavisoma, hata kwa kusuasua. Aliyekariri atakuangalia usoni akitafuta msaada, au atabadilisha keba iwe kaba. Andika kosa lenyewe, usiandike "ameshindwa". Anayechanganya b na d ana njia yake ya kusaidiwa. Anayeruka mb na ng ana njia nyingine.

Kazi ya nyumbani baada ya siku ya pili itatumia vipimo hivi, kwa hiyo usimruhusu mshiriki yeyote aondoke bila kuvifanya kwa mikono yake mara mbili.

Siku ya 2: Faili na IEP

Faili ina karatasi 5, basi: maelezo ya mtoto na mzazi, matokeo ya uchunguzi, matukio yake kutoka kwenye daftari, IEP, na barua zilizotoka na kuingia. Inakaa kabatini chini ya kufuli. Habari za afya ya mtoto zinalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na picha ya ripoti yake haina ruhusa ya kutumwa katika kundi la WhatsApp la walimu, hata kwa nia njema.

IEP ndipo mafunzo mengi huanguka. Fomu za kurasa 6 hujazwa mara moja na kulala. Yetu ni ukurasa mmoja, malengo 3, wiki 6. Tazama tofauti ya malengo haya mawili ya mtoto yule yule:

"Aboreshe kusoma na kujiamini."

"Kufikia Ijumaa ya wiki ya 6, atasoma vijineno 8 kati ya 10 vyenye silabi za mb na nd, bila kusaidiwa, siku 3 mfululizo. Mwalimu wa Kiswahili, dakika 10 kila asubuhi kabla ya gwaride. Nyumbani dada yake, dakika 5 baada ya Magharibi."

La kwanza halipimiki, kwa hiyo halitashindwa wala halitafaulu. La pili lina nani, lini, kiasi gani. Kila mshiriki aandike malengo 3 ya mtoto anayemjua, kisha ampe jirani yake ayasome na amuulize swali moja: wiki ya 6 ikifika, utajuaje? Jirani akibabaika, lengo linaandikwa upya. Tenga saa 2 kamili kwa zoezi hili na uwaache waandike mara 3 au 4. Hakuna sehemu nyingine ya mafunzo inayostahili muda mrefu hivyo.

Mzazi aweke sahihi au kidole gumba, na apate nakala. IEP iliyoandikwa bila mzazi ina malengo ya mwalimu peke yake.

Kazi ya wiki 8 zinazofuata: kila shule ipime gredi mbili nzima macho na masikio, ichague watoto 2, iwafungulie faili, iandike IEP na kuitekeleza.

Siku ya 3: Darasani

Washiriki waje na andalio la somo walilolifundisha wiki hiyo, pamoja na faili ya mtoto. Kila andalio lipitishwe katika maswali manne: mtoto huyu anakaa wapi, anaona na kusikia nini, anajibu kwa njia gani, anafanya kiasi gani? Mengi hayahitaji pesa.

Mwenye uoni hafifu anahitaji maandishi makubwa. Karatasi ya A4 ikikuzwa kwenye fotokopi hadi A3, herufi za ukubwa wa 12 zinakuwa 17. Kwa wengi hiyo ni nafuu kubwa. Asiyetosheka aandikiwe kwa 24. Ubao ufutwe kwa kitambaa kibichi kila asubuhi. Ubao uliojaa vumbi la chaki ni wa kijivu, na chaki nyeupe juu ya kijivu haionekani hata na wenye macho mazuri. Mtoto mwenye ualbino akae mbali na dirisha, avae kofia na mikono mirefu, na gwaride likiwa juani asimame kivulini bila kuomba ruhusa kila siku.

Asiyesikia vizuri anasoma midomo. Usiongee ukiwa umegeukia ubao, wala usisimame dirisha likiwa nyuma yako, maana uso wako unakuwa kivuli kitupu. Masika yakianza na mvua ikapiga mabati, mtoto huyu hasikii chochote. Panga shughuli za kuandika wakati huo. Mwenye kifaa cha kusikia ana adui wa pili hapa Pwani, yaani unyevu na jasho. Usiku kifaa kilale ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Betri ndogo za nambari 13 hudumu kati ya wiki 1 na 2, na kibandiko chake kikishabanduliwa zinaanza kuisha hata kifaa kikizimwa. Walimu wengi hudhani kifaa kimeharibika, kumbe betri imekufa.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeshika penseli, kata ukanda wa tyubu ya baiskeli na uuzungushe kwenye penseli hadi iwe nene kama kidole gumba. Miguu yake ikining'inia, weka tofali mbili chini. Mwili usiotulia hauwezi kuandika. Kwa kiti cha magurudumu, mteremko wa mlangoni uwe na urefu mara 12 ya kimo cha ngazi: kizingiti cha sentimita 30 kinataka mita 3.6. Mafundi hufupisha wakaishia na mita moja na nusu, na mtoto anaporomoka akishuka.

Kifafa kifundishwe kwa vitendo, mshiriki mmoja alale chini. Tazama saa. Ondoa viti, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu mtikiso ukipungua. Usimshike kwa nguvu, usitie kijiko wala kitambaa mdomoni. Ukipita dakika 5, ni hospitali. Mtoto anayetumia dawa ya kifafa ya phenobarbital anaweza kusinzia darasani; hilo liandikwe kwenye daftari na mzazi alipeleke kliniki. Asiadhibiwe.

Kwa mtoto anayepiga wenzake au kukimbia nje, andika siku 7: nini kilitokea kabla, alifanya nini, nini kilifuata. Ikionekana kila mara anakimbia kengele inapolia, umeshajua pa kuanzia.

Siku ya 4: Mzazi, maalim, na rufaa

Mzazi aitwe kwa ujumbe wa wema, si kwa kitoto kilichokimbia na karatasi ya "njoo na mzazi". Anza na salamu, za nyumbani, za wazee. Kisha taja kitu mtoto anachokiweza. Ndipo useme ulichokiona:

"Mama Salim, nimemwona Salim nikimwita kwa nyuma hageuki, na nikimwita akiniona anakuja mbio. Nyumbani hali ikoje?"

Kisha nyamaza. Swali hilo lisimalizwe na mwalimu. Waigize wawili wawili, mmoja awe mzazi mwenye hasira, mwingine mzazi anayekubali kila kitu halafu asirudi. Huyu wa pili ndiye mgumu zaidi.

Wazazi wengine watakuwa wameshapita kwa mganga, mtoto amevishwa hirizi au amenyweshwa kombe, kwa kuwa kifafa na usonji bado vinahusishwa na majini. Usidharau. Dua haizuii dawa. Sema hivyo waziwazi, na ikiwezekana zungumza na maalim wa madrasa yake kwanza. Maalim anamwona mtoto huyo kila jioni akihifadhi, anajua kama anakumbuka aya na kama anasikia. Akimwambia mzazi "mpeleke hospitali", neno lake lina uzito.

Njia ya rufaa iandikwe ubaoni na kila mtu ainakili. Kwanza kituo cha tathmini cha EARC kinachohudumia eneo lenu; vituo hivi vilianza nchini 1984 na tathmini yake inahusu elimu: shule ipi, msaada upi. Pili hospitali ya serikali, kama vile Hospitali Kuu ya Pwani, kwa masikio, macho, kifafa na ripoti ya kimatibabu ya ulemavu. Tatu usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, ambako mzazi anaweza kuomba vifaa saidizi. Mzazi abebe cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho chake, na ukurasa wa uchunguzi kutoka kwenye faili. Wengi hurudishwa kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kiulizwe siku ile ile faili inapofunguliwa.

Zipo pia shule maalum za kushauriana nazo: Likoni kwa wasioona, Ziwani kwa viziwi, Port Reitz kwa wenye ulemavu wa viungo. Omba siku moja ya kutembelea. Mwalimu akiona mtoto wa gredi ya 2 akipiga nukta 6 za Braille, anaacha kuuliza kama inawezekana.

Siku ya 5: Mitihani na kukabidhiana

Mahitaji ya mtahiniwa huelezwa kwa KNEC, baraza la kitaifa la mitihani, wakati wa usajili, yakiambatana na ripoti ya tathmini. Karatasi ya Braille, ya maandishi makubwa, au muda wa ziada haviombwi wiki ya mtihani. Hesabu nyuma: ripoti iwe mkononi kabla usajili haujafunguliwa, kwa hiyo safari ya EARC ifanyike mwaka mmoja kabla. Kwa mtoto anayefuata mkondo wa hatua badala ya ule wa umri, mwalimu ajue kwamba anatahiniwa kwa KILEA, tathmini ya mkondo huo, si KPSEA, ile ya gredi ya 6, na mzazi aelezwe maana yake mapema.

Kisha kila shule iwasilishe faili zake 2 kwa dakika 15. Maswali ni yale yale kwa wote: mtoto alikuwa wapi, yuko wapi, mwalimu yupi mwingine amebadilisha nini? Swali hilo la tatu ndilo kipimo cha mafunzo. Shule ambayo jibu lake ni "mratibu alimchukua akamfundisha mwenyewe" itembelewe tena ndani ya wiki 3, na mwezeshaji akae darasani kwa yule mwalimu mwingine.

Novemba, kila faili inayohama gredi ikabidhiwe kwa mkono, mwalimu anayeachia na anayepokea wakiwa wamekaa pamoja dakika 10. Mtoto anayevuka kutoka gredi ya 6 kwenda sekondari ya chini hata kama ni ua ule ule wa shule, faili yake ifuate njia hiyo hiyo, na anayepokea atie sahihi.